Maneno Ambayo Bawabu Hakuyachukua

"Panua mdomo, mzee."

"Nimekuja kutembea, bwana. Sikuja kung'olewa jino."

"Panua tu. Hapa kila anayeingia hupanua."

Ndivyo alivyopokewa Mzee Mbaruku kwenye lango la mji ule, asubuhi, au tuseme wakati uliofanana na asubuhi, maana pale wakati haukuwa na pa kwenda. Bawabu aliitwa Shomari. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa mikono, na kifundoni mwa mkono wake wa kulia palining'inia kipande cha kanga kilichochakaa, kimefungwa fundo, upande wa pili kimechanika na hakishiki kitu. Kila mkono ule uliposogea, kile kipande kilimpapasa Mbaruku kidevuni.

Shomari alitia kidole chenye harufu ya sabuni, akatafuta chini ya ulimi kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki, akaanza kutoa. Likatoka giza, refu na laini. Ukatoka usiku, umejikunja. Likatoka kiza, ukatoka utusitusi, kikatoka kivuli, ikatoka magharibi ikiwa bado na joto lake. Kila neno alilinyanyua juani, akalikung'uta, akalitumbukiza kwenye mtungi uliofunikwa kitambaa cheupe.

"Utarudishiwa ukitoka," alisema. "Sisi hatuibi. Tunahifadhi."

Mbaruku alijaribu kulitaja lile la kwanza ili aone. Ulimi ukaenda, ukakuta patupu, kama mguu unaotafuta ngazi ambayo haipo. Akajaribu tena, kwa udadisi zaidi kuliko kwa hofu. Sisi tulio nje ya lango, wewe msomaji na mimi, tunaweza kusema giza tunavyotaka. Yeye hakuweza tena.

"Kuna mengine?" aliuliza Shomari.

"Yapo ya Kiingereza. Nimeyaokotaokota tu njiani."

Kidole kikarudi, safari hii mpaka nyuma ya magego. "Hili gumugumu nini?"

"Hilo daski."

"Linaliwa?"

"Hapana."

"Linauma?"

"Bado sijajua. Ndiyo maana natembea nalo."

Shomari akacheka, akafuta kidole kwenye shuka yake. "Basi kaa nayo hayo. Mimi nimefundishwa kuchukua ninayoyajua. Una watu huko ulikotoka?"

"Nilikuwa na dada, Mungu amrehemu. Akiitwa..."

"Jina la mtu kaa nalo pia. Majina hatuchukui. Hapa majina yanakwisha yenyewe."

Akamfungulia.

*

Mtu mzima anaanza kuokota maneno lini? Mbaruku alianza pale macho yake yalipoanza. Kwanza aliona ukungu kidogo katika jicho la kushoto, akadhani miwani imechafuka, akataka kuifuta, ndipo akakumbuka kwamba hajawahi kuwa na miwani. Ukungu ukahamia na jicho la pili. Akajiuliza: hiki kinachoniingia ni kitu gani? Lile la kila siku analijua kila mtu. Hutoka nje, humkuta mtu mlangoni kwake, humlaza, na alfajiri hukusanya vyake na kuondoka. Hiki chake kilitoka ndani, hakikuondoka alfajiri, na tena kilikuwa cheupe. Aliuliza watu kwa lugha ya kwao. Wakamwambia, pole. Pole si jina la kitu.

Ndipo akaifikiria ile lugha nyingine. Alisema moyoni: lugha iliyozunguka dunia nzima na kutawala wengi lazima imeona kila aina ya kuzimika, nyingine imezizima yenyewe. Haikosi kuwa na neno la macho yangu. Shule yake ilikuwa ya vipande vipande. Kipande alikipata dirishani kwa darasa lisilokuwa lake, kipande jikoni kwa wamisheni, kipande kambini alipokuwa akiwapikia askari, kipande ndani ya lori la mizigo. Kila alipopita aliuliza swali lile lile: nyinyi, kukianza kutoonekana, mnasemaje? Nao wakampa. Madereva wakampa dimu, la taa kupunguzwa. Mwalimu wa dirishani akampa daski, la jua linapoaga. Mjane mmoja wa Kizungu aliyekaa peke yake katika nyumba ya mawe, mapazia yake hayakufunguliwa kamwe, akampa glumu, la huzuni isiyo na mwanga. Askari wakampa blakauti, la mji mzima kuzimwa taa. Akayaweka yote nyuma ya magego, akawa anayanyonya akitembea, akingojea moja liyeyuke na kumwambia: ndimi mimi, mimi ndiye wa macho yako.

Hakuna lililoyeyuka.

*

Mji wenyewe ulikuwa mweupe. Jua lilisimama juu yake bila kusogea, na juu ya mapaa palipangwa vioo vikubwa vilivyopokezana mwanga, hiki kwa kile, hata mti ulikosa pa kuangushia kivuli chake. Nyuma ya vioo vilisikika vitambaa vikisugua, fyu, fyu, na mara moja moja kikohozi kidogo cha mtoto. Mbaruku hakuviona vioo. Aliusikia ule mwanga kwenye ngozi, ukimjia kutoka mbele, nyuma na chini, na katika macho yake ukaungana na weupe aliokuja nao, kama maziwa yaliyomiminwa katika maziwa. Alitembea wima bila fimbo, kwa nyayo na kwa masikio, na hakuna aliyemtambua. Macho yake yalikuwa wazi na yaling'aa, na katika mji ule kitu kinachong'aa hakishukiwi.

*Sisi wa nje tujiulize: nani anaimiliki jioni? Anayeitaja, au anayelala ndani yake? Na kama hakuna anayeitaja, inalala wapi yenyewe?*

Alijikwaa kwenye kitambaa kilichovutwa kukatiza mlango.

"Angalia, mzee! Utanikatia mtoto!"

Aliyesema alikuwa Mwanatumu, mwanamke kijana, sauti imekauka kwa kukosa usingizi. Kipande cha kanga kilianzia kifundoni mwa mkono wake kikaishia kwenye mguu wa mtoto wa kike anayetambaa. Mbaruku aliinama kuomba radhi, na yule mtoto akamshika kidole, akakipeleka mdomoni.

"Unamfunga mtoto kama mbuzi?"

"Namfunga ili nisimsahau."

Kutoka kibarazani pa nyumba ya pili ikacheka sauti ya mama mtu mzima. Huyo alikuwa Bi Saumu, aliyekuwa akichoma mihogo kwa joto la kioo tu, bila mkaa. "Mgeni huyo, Mwanatumu. Mkaribishe kabla hajamkanyaga na paka. Karibu kaka yangu, kaa, kula muhogo, uulize maswali yako. Uso wako umejaa maswali mpaka mvi zimekosa nafasi."

Akakaa. Akauliza. Na hivi ndivyo alivyoelezwa.

Katika mji ule, tangu mababu, mtoto hakupewa jina mchana. Jina lilitolewa pale nyuso zinapoanza kupotea na sauti bado zipo, kwenye kile kipenyo kidogo cha katikati. Mama humpitisha mtoto juu ya kizingiti na kumuuliza aliye upande wa pili: Huyu nani? Naye hujibu: Sioni. Anafanana na nani? Sioni. Basi mwite. Hapo ndipo anamwita. Walifanya hivyo ili mtoto asije akapewa jina kwa sababu ya pua ya babu yake au rangi ya mama yake. Walitaka mtu aitwe kabla hajatazamwa.

"Lakini sasa hakuna lile," alisema Mwanatumu.

"Lipi?"

"Lile." Alinyoosha mkono hewani, ukabaki unaning'inia. "Linalokuja baada ya hili."

Bi Saumu alimenya muhogo mwingine. "Kosa ni letu wenyewe, kaka. Wazee wetu walikuwa na adabu kupita kiasi. Waliona vibaya kulitaja lile kwa jina lake mbele ya wakwe na watoto. Wakasema, mgeni amekaribia. Likiingia wakasema, taa zimeitikia. Likizidi wakasema, mgeni amekaa kitako. Sisi watoto tukakua tukijua kuna mgeni. Mama yangu mimi akimwekea na sahani! Basi lile lenyewe, likisikia haliitwi hata na mtu mmoja, likaona haya, likaacha kuja. Na unajua tulifanya nini siku jua lilipogoma kushuka?"

"Mlilia?"

"Tulipiga vigelegele! Tulichinja ng'ombe. Tulisema, mji wetu umebarikiwa. Wakubwa wakapandisha vioo ili jua likigoma ligome moja kwa moja, na Shomari akawekwa langoni asije mtu akaingia nalo mdomoni. Sasa tunasinzia, hatulali. Na watoto wanazaliwa, hawaitwi."

"Asiyeitwa anakuwaje?"

Kule juu, fyu, fyu.

"Anasahaulika," alisema Mwanatumu. "Ukimpa kisogo tu, anatoka kichwani. Hata mimi niliyemzaa. Kitambaa kikikatika nitasimama hapa nijiulize kwa nini maziwa yananiuma. Naye watampandisha ngazi akasugue vioo, maana hana wa kumwuliza yuko wapi. Wote waliopo huko juu ni hao. Hawashuki, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuwaita washuke."

"Mngemfumba mtu macho kwa leso, akampa jina."

"Tulijaribu. Ameshamwona, mzee. Akisema sioni anasema uongo, na jina la uongo linadondoka kabla mtoto hajakaa. Tulijaribu kabatini pia. Lile la kabatini ni la nguo."

"Na vipofu?"

"Walitolewa nje ya lango zamani," alisema Bi Saumu, "kwa heshima zote, wakapewa na masurufu ya njiani. Wakubwa walisema wanabeba magendo."

Mbaruku akapapasa magego yake kwa ulimi, akasema, "Mimi ninayo. Hayakuchukuliwa. Lakini ni ya Kiingereza."

Mwanatumu akavuta kile kitambaa, mtoto akaja mapajani mwake. "Hata yangekuwa ya samaki," alisema. "Yaseme."

*

Waliingia uani, wakafunga mlango, wakatandika mkeka kwenye kizingiti cha jikoni. Bi Saumu akakaa ng'ambo ya kizingiti, mgongo ameupa kioo, tayari kuulizwa. Mwanatumu akakaa upande wa huku na mtoto. Mzee Mbaruku akasimama katikati kama mtu aliyeitwa kuimba harusini na hajui nyimbo za pale.

"Dimu," alisema.

Jua likainama. Wote waliona, hata yeye alilisikia likipungua mashavuni. Likafanya kama lori linalokutana na lori jingine njiani, likashusha taa zake kwa adabu. Lakini hakukuwa na lori la pili. Baada ya kungoja kidogo na kuona hakuna anayepita, likazinyanyua tena.

"Lina tabia nzuri," alisema Bi Saumu, "ila halikai."

"Daski."

Hilo lilikuja taratibu, bluu, jembamba, likileta harufu ya sufi iliyolowa na moshi wa makaa ya mawe. Vidole vya miguu vikapata baridi. Mahali fulani kengele ililia ambayo mji ule haukuwa nayo. Walisubiri nyuso zipotee. Hazikupotea. Lile neno lilikuwa limezaliwa mahali ambapo jua huaga kwa saa nyingi, nalo likaendelea kuaga, limesimama mlangoni, naenda, jamani, naenda, bila kutoka na bila kuingia.

"Huyu mgeni wa aina gani?" Bi Saumu alishindwa kuvumilia. "Ama uingie ama uende! Naiona pua ya mtoto vizuri kabisa, na ni ya babu yake Mwinyikondo, ile ile, Mungu amsamehe."

Mbaruku alilirudisha mdomoni kwa shida. Lilikuwa limejibandika. Alishangaa, kwa ule mshangao wake wa mtu aliyefungua kifurushi cha mwenzake. *Kumbe nilikuwa nimebeba hali ya hewa. Nilidhani nimebeba maneno. Kila moja limekuja na nchi yake mgongoni, na mvua yake, na watu wake wanaowahi nyumbani. Mimi nilitaka lifanye kazi kwenye macho yangu, na lenyewe lilikuwa likiitafuta barabara yake.*

"Endelea, mzee," alisema Mwanatumu. Kitambaa mkononi mwake kilianza kulegea nyuzi.

"Glumu."

Mbinguni hakikusogea kitu. Lakini Bi Saumu akaweka muhogo chini, akaanza kulia.

"Nini, dada?"

"Namlilia mume wangu."

"Amekufa lini?"

"Sijawahi kuolewa!" alisema Bi Saumu huku kamasi zikimtoka. "Lakini alikuwa mtu mzuri jamani, mkimya, alipenda kukaa dirishani!"

Hilo nalo likarudishwa upesi. Lilikuwa halijui anga, lilijua vifua tu.

Likabaki la askari. Mbaruku hakulipenda. Alikumbuka kambi, na sauti iliyopigwa kabla ya lile neno, na jinsi lilivyotumwa na mtu mmoja kuzima mji mzima kwa kidole. Lilikuwa neno la amri. Mengine yote yalieleza kitu kilichokuja chenyewe. Hili lilikuwa la mtu mwenye swichi.

"Ni zito," alionya.

"Na mimi kitambaa changu ni chepesi," alijibu Mwanatumu. "Sema."

"Blakauti."

Likaanguka kama sufuria juu ya wadudu. Hakukuwa na kuingia, hakukuwa na katikati. Kila kitu kilikuwepo, mara hakipo. King'ora kikalia kutoka pasipojulikana, na wote watatu, bila kuambiwa na mtu, wakajitupa kifudifudi na kuziba masikio. Mtoto alipiga kelele. Mwanatumu aliuliza, huyu nani, hakuna aliyejibu, maana ndani ya neno lile watu hawaulizani. Wanangoja tu kuruhusiwa. Mbaruku peke yake hakupotea. Kwake mambo yalibadilika kidogo sana, kutoka weupe usio na kitu mpaka weusi usio na kitu. Akaifuata ile sauti ndogo kwa magoti, akampata mtoto chini ya mbuzi ya kukunia nazi, akamweka mapajani, akambana kifuani mpaka neno lilipokwisha.

Jua likarudi. Vioo vikapokezana.

Mwanatumu aliinuka, akajipangusa vumbi. Akatazama kile kipande cha kanga mkononi mwake, kimekatika. Akakiangalia kwa muda, kama mtu aliyekuta uzi begani mwake. Kisha akamgeukia Mbaruku, akatabasamu kwa heshima anayopewa mgeni.

"Mzee," alisema, "kumbe umekuja na mjukuu?"

*

Hapa hadithi ingeweza kuishia, na miji mingi imeishia hapo.

Mbaruku alimsogeza mtoto mbele. "Huyu ni wako, mwanangu."

"Mimi sina mtoto, baba."

"Bi Saumu! Mwambie."

Bi Saumu alifikicha macho. "Palikuwa na mtoto..." alianza, akasita. "Au ni yule wa jana? Jamani, kichwa changu." Alimtazama mtoto, akatazama muhogo, akarudi kwa mtoto kama anaanza upya.

"Nyinyi mnamsahauje mtu aliye mbele yenu?" Mbaruku alipaza sauti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mimi nimekuwa naye tangu nije, namjua! Ana uzito wa tikiti dogo. Ananuka maziwa na majivu. Akilala anakoroma kama chura. Akishika kidole anashika kwa mkono wa kushoto."

"Na uso?" aliuliza Bi Saumu. "Uso wake ukoje? Sisi tunamwona, ndiyo maana ukitoka uso anatoka mzima."

"Uso sijui."

"Hujui vipi? Umempakata."

"Simwoni, dada." Akasema pole pole, kwa sababu hajawahi kulisema hata kwake mwenyewe. "Namwona kama moshi. Nawaona nyote kama moshi. Nilijua njia kwa nyayo. Nimekuja mpaka huku natafuta jina la hali hii, na sijalipata kwa lugha yoyote."

Kule juu vitambaa vilitulia kwa muda, au labda yalikuwa masikio yake tu. Bi Saumu akamsogelea, akampungia mkono mbele ya macho, akaona hayafuati. Akakaa chini taratibu.

"Loo," alinong'ona. "Kwako wewe limeshaingia."

Nje mlango ukagongwa. "Fungueni!" Ilikuwa sauti ya Shomari. "Kuna mtu amezima mji mzima humu!"

Bi Saumu akauegemea mlango kwa mgongo wake mpana. "Tunaoga!" alipiga kelele. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mwanatumu. Mchukue huyo mtoto. Kaa huku. Mzee, nenda ukae kule ng'ambo ya kizingiti. Haraka."

"Wa nini?" aliuliza Mwanatumu. "Si wangu."

"Hata kama si wako. Mchukue, umpitishe. Uliza."

"Niulize nini?"

"Lolote linalokujia."

Mwanatumu akamchukua. Alimshika vibaya, mbali na mwili, kama kitu cha jirani. Akamtazama kwa muda mrefu. Akampitisha juu ya kizingiti, kwenye mikono ya yule mzee aliyekaa akitazama pembeni kidogo ya mahali alipo mtu. Na hakuuliza kwa kanuni ya mababu, maana ilikuwa imemtoka. Aliuliza kwa sababu hakujua kweli.

"Huyu nani?"

"Sioni," alijibu Mbaruku, na ilikuwa kweli.

"Anafanana na nani?"

"Sioni, mwanangu."

Sauti ya Mwanatumu ikavunjika, bila yeye kujua kwa nini. "Basi tumwiteje?"

Mbaruku alitafuta. Alipita kwenye daski, akapita kwenye glumu, akayasukuma kando kwa ulimi. Alitafuta pale palipokuwa patupu, alipopekuliwa, akakuta patupu bado. Lakini nyuma ya patupu palikuwa na dada yake, mdogo wake kabisa, aliyezaliwa taa ikiwa imeisha mafuta, akiita mbuzi nyuma ya nyumba. Jina la mtu kaa nalo, alisema Shomari. Alikuwa amekaa nalo.

Akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto, akamwambia yeye kwanza. Kisha akalisema wazi.

"Chausiku."

Mtoto akageuza kichwa.

"Sasa," alisema Bi Saumu, na jasho lilikuwa likimtiririka, "Mwanatumu, mpe kisogo."

"Ninaogopa."

"Ndiyo maana. Nenda kwenye pipa ukachote maji. Usigeuke."

Mwanatumu akaenda. Uani mle si parefu, lakini alikwenda kama anavuka nchi. Wakasikia kata ikigonga pipa. Wakasikia maji yakimiminwa, yakijaa, yakifurika, yakimwagika chini, na yeye bado anamimina, amesimama, amekipa kizingiti mgongo. Mbaruku alimbana mtoto. Bi Saumu alibana mlango.

Kata ikaanguka.

"Chausiku!" aliita Mwanatumu, hajageuka bado. "Chausiku, mwanangu, njoo!"

Na yule mtoto akateleza kutoka mapajani mwa mzee, akatambaa kumfuata, akitokwa na mate, akipiga vigae kwa viganja, pa, pa, pa.

*

Mlango ulipofunguliwa, Shomari alimkamata mzee mkono bila ukali. Hakuuliza maswali mengi. Alikuwa amesikia yote mlangoni, na sheria ya vipofu aliijua: heshima, masurufu, nje. Bi Saumu alimpa Mbaruku mihogo iliyofungwa kwenye jani, akamtukana Shomari na ukoo wake, akabaki mlangoni akilia, safari hii kwa jambo lililokuwepo.

Walitembea. Nyuma yao Mwanatumu aliendelea kuita. Mtoto hakuwa amepotea, alikuwa kiunoni mwake. Alimwita kwa ajili ya kumwita tu, kwa sauti, mlango kwa mlango, na madirisha yakafunguka, na wanawake wakauliza, unasema nini wewe, sema tena.

"Ukifika langoni nitakurudishia vyako," alisema Shomari. "Mtungi upo. Havijapungua."

"Nashukuru."

"Yale ya Kiingereza, yalisaidia?"

Mbaruku alifikiri. "Yalinionyesha kila mtu huzimikiwa kwa namna ya kwao. La kwangu halimo. Nadhani halijatungwa. Sijui kama ni huzuni au ni bahati, nitaendelea kuuliza."

Hatua zikapungua. Kile kipande cha kanga mkononi mwa Shomari kilimgusa Mbaruku, kikamgusa tena. Mzee akakishika kwa vidole viwili, akakifuata mpaka mwisho wake uliochanika.

"Hiki cha nini, bwana Shomari?"

"Sijui. Ninacho tu. Mara nyingi nataka kukikata, mkono unakataa." Walikuwa wamefika chini ya ngazi ndefu inayopanda kwenye mapaa. Fyu, fyu, kule juu. Kikohozi. Shomari aliongea kwa sauti ambayo haikuwa ya bawabu. "Mzee. Mtu ambaye humkumbuki, utamwita kwa jina gani ashuke?"

"Mshushe kwanza. Nipitishie hapa. Mimi nitakuwa nimekaa."

Akakaa palepale chini ya ngazi, akaweka mihogo mapajani. Alingoja kusikia mkono ule ukimshika tena kumpeleka langoni. Mkono haukuja. Badala yake alisikia mguu kwenye kidaraja cha kwanza cha ngazi, ukisita. Kisha wa pili. Kisha miguu ikipanda, mizito, inayokimbia, na mtu mzima akilia kwa pumzi fupi fupi. Kule juu vitambaa vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Kioo kimoja kikaachwa bila kushikwa, kikageuka upande, mwanga wake ukahama.

Kitu cha baridi kikamwangukia Mzee Mbaruku shingoni, kikashuka mabegani, kikamfunika magoti. Akakitafutia neno. Alipita magego yote, akapita na pale patupu, akakosa. Akanyoosha mikono mbele yake, viganja juu, tayari kwa uzito wa mtoto yeyote.